Jinsi ya Kutengeneza Remiksi ya Dabstepu kutoka Wimbo wa Singeli

Wengi wanaotaka kuugeuza wimbo wa singeli uwe dabstepu huanza kwa kuupunguza kasi hadi utulie, na wanachopata ni sauti ya MC iliyolegea na kinanda kilichopoteza uhai wake wote. Hakuna haja ya kufanya hivyo. Dabstepu, muziki wa besi nzito uliokomaa kusini mwa London, hasa katika eneo la Croydon, mwanzoni mwa miaka ya 2000, huenda kwa mapigo 140 hivi kwa dakika, ilhali singeli ya Manzese, Tandale na Mburahati jijini Dar es Salaam hukimbia kati ya mapigo 200 na 300. Kwa hiyo wimbo wa singeli wenye mapigo 280 unakimbia mara mbili kamili ya dabstepu, na kila pigo moja la upande wa besi hubeba mawili ya singeli bila kipimo kuvunjika. Remiksi ninayoieleza hapa inasimama juu ya hesabu hiyo: sehemu ya juu ya wimbo inaachwa ikimbie ilivyorekodiwa, na chini yake inawekwa besi na snea (ngoma yenye mlio mkavu) zinazotembea taratibu.

Chagua kwanza wimbo ulio kati ya mapigo 265 na 295, kwa sababu kuuleta kwenye 280 kutahitaji badiliko lisilozidi asilimia 6. Ukiruhusu kidatu, yaani wembamba au uzito wa sauti, kibadilike pamoja na kasi, sauti itapanda au kushuka kwa karibu nusu toni, jambo ambalo singeli inalivumilia vizuri. Huu ni muziki ambao maprodyuza wake wamezoea kuchukua kipande cha ala za taarabu na kukikimbiza hadi kinanda na fidla vilie kwa sauti nyembamba kabisa. Wimbo wenye mapigo 210 nao usiutupe. Hapo mapigo matatu ya singeli huangukia ndani ya mawili ya dabstepu, na mwendo huo wa tatu kwa mbili si mgeni kwa mtu aliyekulia kwenye ngoma, ingawa kuupanga kunadai uvumilivu zaidi.

Kabla ya kukata chochote, omba ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mwenye kazi hata pale ambapo wimbo ulisambaa mitaani kwa simu bila kuuzwa, na katika singeli wenye kazi mara nyingi ni zaidi ya mmoja: MC aliyeimba, prodyuza aliyetengeneza biti, na pengine kikundi cha taarabu ambacho kipande chake kimetumika. Kubalianeni kwa maandishi mgawo wa kila mmoja mapema, kabla wimbo haujaanza kuingiza fedha. Wanamuziki wa uswahilini wameona kazi zao zikichukuliwa vya kutosha, na nalisema hili kwa uzito kwa sababu remiksi isiyo na ruhusa, hata ikiwa nzuri, inamnyima mtu riziki yake.

Ruhusa ikipatikana, mwombe prodyuza sauti ya MC ikiwa peke yake. Ikiwa studio haikuihifadhi, programu za kutenganisha sauti na ala zitakusaidia, lakini hubakiza mabaki ya haihati, yaani matoazi madogo ya ngoma, ndani ya maneno. Mabaki hayo yatafichika iwapo haihati yako mwenyewe itapita juu yake kwa mapigo yaleyale. Ondoa kwenye sauti ya MC kila kilicho chini ya hezi 120, kwa kuwa eneo hilo unalihitaji lote kwa ajili ya besi.

Weka programu yako ya kutengenezea muziki kwenye mapigo 140, kisha panga ngoma. Katika bari ya mapigo manne, kiki (ngoma nzito ya chini) ianguke kwenye pigo la kwanza na snea kwenye la tatu, na zaidi ya haihati usiongeze kingine. Uchache huo ndio unaoufanya mwili wa msikilizaji uhisi kasi ya 70, na ndio ulioitofautisha dabstepu ya maprodyuza kama Loefah na miziki ya dansi ya Uingereza iitwayo gereji (garage) iliyoitangulia. Kishawishi cha kujaza nafasi zilizobaki kitakuwa kikubwa, hasa kwa aliyezoea singeli ambayo haiachi upenyo, lakini nafasi hizo tayari zina wenyewe: ni za MC, anayemwaga maneno kwa 280. Ukiongeza ngoma za kati utamfunika.

Besi ndiyo inayodai muda wako mwingi. Tafuta kwanza noti kuu ya kinanda kilichomo kwenye wimbo, kisha tengeneza besi kwa wimbi la sini, yaani wimbi laini kuliko yote, ukiiweka kati ya hezi 40 na 60; noti ya G katika eneo hilo iko kwenye hezi 49, na F iko karibu na hezi 44. Sehemu hii ya chini ibaki katikati, isitawanywe kushoto na kulia. Juu yake ongeza besi ya pili yenye mawimbi makali zaidi, uipitishe kwenye kichujio kinachofunguka na kufunga kwa kufuata mapigo, na hapo utapata ule mtetemo unaojulikana. Usiuache mtetemo uende kwa mwendo mmoja wimbo mzima. MC anapokimbia, upunguze uwe mmoja kwa kila pigo. Anapovuta pumzi, uharakishe hadi mitatu kwa pigo, ili besi imjibu kama kiitikio kinavyomjibu mwimbaji wa taarabu.

Wasikilizaji wengi watausikia wimbo huu kwanza kwenye simu au ndani ya bajaji, mahali ambapo hezi 49 hazifiki kabisa. Kwa sababu hiyo, ipe besi ya chini ukwaruzo kidogo utakaozalisha sauti zake za juu, kati ya hezi 100 na 300, na sikio litaikisia noti yenyewe hata pale spika inaposhindwa kuitoa.

Kwa mpangilio, bari 16 za mwanzo, ambazo ni sekunde 27 hivi, ziwe za haihati na kipande cha kinanda tu, ili DJ apate nafasi ya kuunganisha. Kabla besi haijaingia, nyamazisha kila kitu kwa bari moja na umwache MC peke yake.

Jaribu kazi yako ukumbini kabla ya kuitoa. Maprodyuza wa Croydon walikuwa wakikata nakala moja ya santuri na kuipeleka kwa DJ, wakaisikiliza kwenye spika kubwa za Plastic People, klabu ya London, kisha wakarudi nyumbani kurekebisha. Wewe mpelekee DJ wa kigodoro, ile sherehe ya usiku ya mtaani, faili ya WAV iliyoachwa desibeli 6 chini ya kilele, usimame nyuma ya watu na kusikiliza kama besi inayameza maneno. Kwenye jina la faili andika kasi zote mbili, 140 na 280, ili DJ wa singeli na DJ wa dabstepu kila mmoja ajue aiunganishe na wimbo gani.