Bilirubini imepanda kwa karatasi ya maabara? Anza hivi

Umetoka maabara, bilirubini, ile rangi ya njano inayotoka chembe nyekundu za damu zikivunjika, imewekewa alama ya H, yaani imezidi, na jirani ashafika na majani ya kuchemsha eti yanasafisha ini. Yaweke pembeni, maana kuna dawa za kienyeji zenyewe zinaumiza ini, na baadae hata daktari hatajua kilichoanza ni nini.

Tafuta TBIL, hiyo ni jumla, na DBIL, hiyo ndio ini limeshaifanyia kazi. Ukitoa DBIL kwa TBIL inabaki ile bado haijapita kwa ini. Cheki na kipimo pia, maabara nyingine zinaandika mg/dL nyingine µmol/L, na 1 ya kwanza ni kama 17 ya pili, watu wanalinganisha karatasi mbili wanakosa usingizi bure.

Kama iliyozidi ni ile bado haijapita kwa ini, shuku damu kwanza, yaani chembe nyekundu zinavunjika haraka. Huku Arua, kaskazini mwa Uganda, malaria ndio inaulizwa mbele, halafu sikoseli, halafu upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, hasa kama umemeza primakwini, dawa ya malaria. Damu ikiwa safi na ALT na ALP, vipimo vya ini na njia ya nyongo, ziko sawa, huenda ni Gilbert, hali ya ini mtu anazaliwa nayo na haina shida, inapanda ukikaa njaa au ukiugua. Ndugu yangu mmoja kila Ramadhani macho yanaingia umanjano kidogo, Idi ikipita yanarudi. Atazanavir ya ARV nayo inafanya hivyohivyo.

DBIL ikiwa ndio imepanda, hapo ni ini lenyewe au njia ya nyongo. Omba kupimwa hepatitis B, kaskazini hii ipo sana. Mwambie daktari ukweli kuhusu waragi, hiyo pombe kali, na dawa zote unazomeza, za TB pia, ila usiziache mwenyewe. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, choo kimepauka kama udongo, mwili unawasha, huenda njia ya nyongo imeziba: mawe, au uvimbe kwa kongosho. Hapo ni ultrasaundi.

Macho ya njano pamoja na homa, au mgonjwa anaanza kuchanganyikiwa, panda boda uende hospitali leo leo. Mtoto mchanga akiwa njano kabla hajamaliza saa 24 pia, hiyo ya kumuanika juani na kungoja wiki iishe acheni.