Kuharakisha data kutoka Dar hadi kituo cha dharura kilicho mbali

Seva ziko Posta, kituo cha dharura kinachotunza nakala kiko Johannesburg, laini ya megabiti 200 kwa sekunde imelipiwa, lakini bakapu ya usiku inasuasua kwenye megabiti 8 mpaka watu wanaingia kazini. Usikimbilie kununua laini kubwa zaidi. Mara nyingi laini iliyopo iko karibu tupu, na kinachobana ni umbali.

Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo kila kilomita 100 za mkongo huongeza milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Hakuna fedha inayoweza kuipunguza. TCP, yaani kanuni zinazosafirisha data mtandaoni, nayo hutuma kiasi fulani, kinachoitwa dirisha, kisha husimama kusubiri upande wa pili ukiri kupokea. Dirisha la kilobaiti 64 kwenye safari ya milisekunde 60 haliwezi kuvuka megabiti 8.7 kwa sekunde, hata ukiwekewa laini ya gigabiti 10.

Pima kwanza. Endesha `ping -c 100` upate muda wa safari na pakiti zinazopotea, kisha `iperf3 -c anwani -t 60` upate kasi, na tena ukiongeza `-P 8`, yaani mikondo minane kwa pamoja. Mikondo minane ikikupa karibu mara nane ya mmoja, laini bado ina nafasi. Sasa angalia safu ya Retr, yaani pakiti zilizotumwa upya. Ikiwa ni sifuri au karibu na hapo, dirisha ndilo dogo. Ikijaa namba kubwa, pakiti zinapotea njiani.

Dirisha linalotakiwa ni kasi ya laini mara muda wa safari: megabiti 200 × sekunde 0.06 = megabiti 12, yaani megabaiti 1.5. Linux ya siku hizi hulikuza yenyewe, ndiyo maana kuhariri sysctl (mipangilio ya kiini cha Linux) tu mara nyingi hakubadilishi kitu. Mkosaji huwa ni programu ya bakapu iliyojipangia bafa yake (nafasi ya kumbukumbu ya kushikia data), au ngome ya mtandao (firewall) ya zamani inayofuta ruhusa ya kupanua dirisha. Hili la pili linaonekana kwa macho: washa `tcpdump`, inayoonyesha pakiti zinazopita, pande zote mbili na utazame pakiti ya SYN, ile inayofungua muunganisho. Ikitoka Dar ikiwa na `wscale 7` (ndiyo ruhusa yenyewe) na kufika bila hiyo, kifaa cha katikati kimeifuta. Kirekebishe hicho, kisha weka ukomo wa `tcp_rmem` na `tcp_wmem` (bafa za kupokea na kutuma) kuwa baiti 16777216 kwenye seva zote mbili.

Upotevu unaumiza kuliko unavyodhaniwa. Pakiti moja tu katika 10,000, kwenye milisekunde 60, hushusha mkondo mmoja wa TCP ya kawaida hadi megabiti 24 hivi. Safisha vichwa vya faiba, na kama kipande cha mwisho ni redio, kipime mvua za masika zikinyesha. Rauta yako iishie megabiti 190, ili mtoa huduma asikate pakiti zinazozidi. BBR, mbinu nyingine ya TCP ya kupanga kasi ya kutuma, husaidia sana hapa: `net.core.default_qdisc=fq` na `net.ipv4.tcp_congestion_control=bbr`, upande unaotuma.

SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ya mbali) ikiingia lakini faili kubwa linaganda, shuku MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya handaki la IPsec linalosimba data njiani. Jaribu `ping -M do -s 1372`. Isipopita, shusha MSS, yaani kiasi cha data ambacho TCP hupakia kwenye pakiti moja.

Bana data kwanza kwa `zstd -3 -T0`, ndipo uisimbe (uifiche kwa ufunguo). Ukigeuza mpangilio huo, kubana hakupunguzi kitu. Nakala ya kwanza usiipitishe kwenye laini kabisa. Terabaiti 20 kwa megabiti 200 ni zaidi ya siku 9 bila kukatika. Kama kituo kiko Dodoma, diski mbili zilizosimbwa zinafika kwa treni ya SGR siku hiyohiyo, kisha laini inabeba mabadiliko tu.

Kanzidata isisubiri kituo cha mbali kwa kila muamala. Hata milisekunde 12 humaanisha kikao kimoja hakizidi miamala 83 kwa sekunde. Tumia unakili usiosubiri, na uwaeleze wakuu mapema ni dakika ngapi za data zinaweza kupotea.

Mwisho, hesabu dirisha kwa njia ndefu, siyo ya kila siku. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa wakati mmoja. Data ikizungushwa na safari ikafika milisekunde 180, megabiti 200 zilezile zinataka dirisha la megabaiti 4.5. SSH, yenye dirisha lake la ndani la takriban megabaiti 2, itakwama kwenye megabiti 93 hivi. Gawanya kazi kwa rsync (programu ya kunakili faili) tatu au nne zinazokwenda sambamba. Omba pia ramani ya njia kwa watoa huduma wote wawili, kwa sababu mikataba miwili inaweza kulala kwenye mtaro mmoja.