Somo: Kusoma mpangilio wa sailensi kwa programu kabla ya kugusa skrubu

Gari ikitetemeka kwenye sailensi (injini ikizunguka bila mguu kwenye pedali ya mafuta), au ikizima kila unapoachia pedali ya mafuta, wengi hukimbilia bisibisi na kopo la kusafishia throto (mlango wa hewa ya injini). Naomba tusome kwanza. Kompyuta ya gari ndiyo inayoamua injini izunguke mara ngapi kwa dakika mguu ukiwa nje ya pedali, na hubadilisha uamuzi huo kulingana na joto la maji na mzigo wa kiyoyozi. Ukikaza skrubu ya sailensi bila kujua kompyuta inataka nini, mtakuwa mnavutana.

Unahitaji kifaa cha aina ya ELM327 (kiunganishi kinachochomekwa kwenye gari na kupeleka data kwenye programu), pamoja na simu au laptopu yenye programu ya kusoma OBD-II, yaani mfumo wa gari kujikagua na kutoa taarifa za hitilafu. Magari yote madogo yaliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1996 yana mfumo huo. Soketi yake ya pini 16 huwa chini ya dashibodi, upande wa dereva.

1. Egesha mahali penye hewa ya kutosha, vuta handibreki, weka P au nyutro. Chomeka kifaa, weka swichi ON, unganisha programu.

2. Soma kodi za hitilafu (alama ambazo kompyuta huhifadhi ikiona tatizo) na uziandike. Usizifute! P0505 inasema mfumo wa sailensi una hitilafu, P0506 mizunguko iko chini ya inayotarajiwa, P0507 iko juu.

3. Washa injini na usubiri joto la maji lipite nyuzi 80. Injini baridi hupandishwa mizunguko makusudi, kwa hiyo namba za wakati huo zitakupoteza.

4. Fungua data za moja kwa moja, uchague mizunguko halisi, mizunguko inayotakiwa, kufunguka kwa vali ya sailensi (inayopitisha hewa pembeni ya throto), nafasi ya throto, na masahihisho ya mafuta ya muda mfupi na mrefu (kiasi ambacho kompyuta huongeza au kupunguza mafuta).

Hapa kwenye namba 4 ndipo watu hukwama. Mizunguko halisi imo kwenye orodha ya kawaida ya OBD-II, lakini ile inayotakiwa na kufunguka kwa vali kwa kawaida hutoka kwenye data za mtengenezaji mwenyewe. Programu ya jumla huenda isikuonyeshe. Tafuta inayoifahamu aina ya gari lako.

5. Rekodi dakika moja bila mzigo, kisha washa kiyoyozi na taa kubwa, urekodi tena.

Sasa linganisha. Tuseme kompyuta inataka 750 na injini inazunguka 750, ila vali imefunguka kupita kiwango cha kitabu cha gari. Sailensi inaonekana nzima, lakini kompyuta inalazimika kuongeza hewa. Mara nyingi throto imejaa masizi. Kinyume chake, vali ikiwa imekaribia kufunga kabisa na mizunguko bado iko juu, kuna hewa inayoingia kwa njia nyingine: paipu ya vakyumu iliyopasuka, gasketi ya manifoldi, au skrubu ambayo fundi aliyetangulia aliifungua. Ndiyo maana namba ya mizunguko peke yake haitoshi kukupa jibu.

Anayependa kuandika amri mwenyewe atume 010C, amri ya kuuliza mizunguko. Majibu huja kwa hesabu ya msingi wa 16. Ukijibiwa 41 0C 0B B8, chukua 0BB8, ambayo kwa namba za kawaida ni 3000, gawanya kwa 4: mizunguko 750. Joto la maji ni 0105; ukijibiwa 41 05 7D, chukua 7D, ambayo ni 125, toa 40, unapata nyuzi 85.

MASWALI

Ahsante kwa somo, mkuu. Gari langu lina throto ya umeme na sioni vali ya sailensi kabisa. Nisome nini?
Mengi ya namna hiyo hayana vali ya pembeni. Throto yenyewe hufunguka kidogo kupitisha hewa ya sailensi. Soma nafasi ya throto ukiwa umeachia pedali, ulinganishe na kitabu cha gari hilo.

Nimesafisha throto na sasa mizunguko imepanda hadi 1200. Nimeharibu?
Si lazima, ndugu. Kompyuta bado inatumia kipimo ilichojifunza wakati wa uchafu. Fanya utaratibu wa kuifundisha upya uliotolewa kwa gari lako. Baadhi ya programu zina kazi hiyo. Ikibaki juu baada ya hapo, tafuta hewa inayovuja.

Nitaijuaje hewa inayovuja bila kufungua vitu?
Kama gari lina sensa ya kupima hewa inayoingia, tazama masahihisho ya mafuta. Yakiwa juu sana upande wa chanya kwenye sailensi, kisha yakashuka kuelekea sifuri ukishikilia 2500, mashaka yangu ya kwanza ni uvujaji. Magari yanayotumia sensa ya mgandamizo wa manifoldi hayaonyeshi hivyo waziwazi. Huko itazame zaidi vali.

Naweza kubadilisha namba ya sailensi kwa programu hiyohiyo?
Programu nyingi za kusoma haziruhusu. Hata pale inaporuhusiwa, mkuu, usipandishe namba ili kuficha mtetemo. Kagua kwanza plagi, koili na mpira wa kushikilia injini.