Kufuatilia ukoo wa kuumeni wa O-M175, hatua kwa hatua

Ukiilaza kromosomu Y, ile ambayo baba humrithisha mwana wa kiume tu, ya Mhan wa Henan, China, kando ya ile ya Mdigo wa Kwale, pana mahali ambapo Mdigo ana herufi tano, TTCTC, na yule wa Henan kwa uwezekano mkubwa hana. Zilidondoka wakati DNA ya mwanamume mmoja ikinakiliwa, zaidi ya miaka 30,000 iliyopita, na kila mwana, mjukuu na kitukuu wake wa kuumeni amerithi pengo lile lile. Pengo hilo linaitwa M175. Wote walio nalo tunawaweka katika haplogrupu O, yaani ukoo mkubwa wa kuumeni uliopewa herufi O, na leo ndio wengi kati ya wanaume wa China, Korea, Vietnam, Ufilipino na magharibi ya Indonesia.

Ninachotaka kukuonyesha ni namna ya kulifuata pengo hilo wewe mwenyewe, ukiwa na kompyuta, lahajedwali tupu na mti wa nasaba wa kromosomu Y, kama ule wa tovuti ya YFull ulio wazi kwa yeyote. Huhitaji maabara.

Hatua ya 1: Andika jina la badiliko kabla ya herufi ya tawi

Katika safu ya kwanza ya lahajedwali weka jina la badiliko lenyewe la DNA, linalotambulisha tawi ndani ya O: M122, M119, M95, M176. Safu ya pili ndiyo ya majina ya matawi kama O1a au O2. Usibadilishe mpangilio huu.

Sababu ni kwamba majina ya matawi yamehama. Mfumo wa mwaka 2002 ulikuwa na matawi matatu: O1 yenye M119, O2 yenye M268, na O3 yenye M122. Baadaye ikabainika kwamba M119 na M268 ni ndugu wa karibu zaidi, wana babu mmoja ambaye M122 hana. Mti ukapangwa upya: M119 ikawa O1a, M268 ikawa O1b, na O3 ya zamani ikawa O2. Kwa hiyo "O2" katika makala ya mwaka 2008 na "O2" katika makala ya mwaka 2020 ni koo mbili tofauti kabisa. Niliwahi kukaa na mwanafunzi hadi usiku wa manane tukitafuta kwa nini ramani yake iliwaweka Wakambodia na watu wa Shandong katika tawi moja. Data zilikuwa sahihi, ila alikuwa ameunganisha makala mbili za vipindi viwili kwa kutumia majina ya matawi. Badiliko halibadiliki jina. Kila rekodi yako ilifuate hilo.

Hatua ya 2: Panda hadi kwa babu wa O

Panda juu ya mti. O ina ndugu mmoja, N, ambayo leo imejaa kaskazini, kuanzia Wayakuti wa Siberia hadi Wafini. Wote wawili ni watoto wa babu mwenye badiliko M214. Walipoachana, mmoja uzao wake ukaenea zaidi kaskazini, mwingine ukabaki na kustawi mashariki na kusini-mashariki ya Asia.

Hapa kuna mfupa mmoja unaopaswa kuujua. Mwaka 2008 mchonga pembe mmoja aliokota mfupa wa paja kwenye ukingo wa Mto Irtysh, karibu na Ust'-Ishim, Siberia. DNA yake ilichapishwa mwaka 2014: mwanamume aliyeishi miaka kama 45,000 iliyopita, na kromosomu Y yake imekaa karibu na shina lile lile lililozaa N na O. Amesimama pale kabla ndugu wawili hawajaachana. Thamani yake kwetu ni kubwa kuliko inavyoonekana, na utaiona katika hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Hesabu umri kwa mkono wako

Mtu wa Ust'-Ishim alikufa, na kromosomu yake ikaacha kukusanya mabadiliko. Za wanaume walio hai zikaendelea kwa miaka 45,000. Tofauti kati ya idadi mbili hizo inatupa mwendo wa saa ya mabadiliko: takribani mabadiliko 0.76 kwa kila herufi bilioni moja kwa mwaka.

Sasa fanya hesabu. Sehemu ya kromosomu Y inayosomeka vizuri kwa vipimo vingi, tuiweke herufi milioni 10. Zidisha: 10,000,000 × 0.76 ÷ 1,000,000,000 = 0.0076 kwa mwaka. Gawanya 1 kwa 0.0076, unapata kama 132. Yaani ukoo hupata badiliko jipya moja kila miaka 132. Tuseme wanaume wawili wana babu wa pamoja, na kila mmoja ana mabadiliko 41 ambayo mwenzake hana. 41 × 132 = 5,412. Babu yao aliishi karibu miaka 5,400 iliyopita.

Angalia daima ni herufi ngapi zilizosomwa. Kama kipimo kilifikia milioni 8 tu, badiliko moja ni miaka 164, na mabadiliko yale yale 41 yanakupa miaka 6,700. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote kwa wanaoanza.

Makala za zamani hazikuhesabu hivi. Zilitumia vipande vya DNA vinavyojirudia, na zilikuwa na mwendo wa aina mbili: ule unaopimwa kati ya baba na mwana, na mwingine uliokadiriwa, wa polepole karibu mara tatu. Ukikuta tarehe mbili za ukoo mmoja zimepishana mara tatu, anza kushuku hapo.

Hatua ya 4: Usidhani penye wengi ndipo penye chimbuko

M122 ni ya wengi kaskazini mwa China. Je, ilianzia huko? Mwaka 2005 kundi la watafiti wa China lilipima na kukuta kwamba aina zake ni nyingi zaidi kusini, likahitimisha kwamba ilianza kusini na kupanda kaskazini miaka 25,000 hadi 30,000 iliyopita. Mantiki yake ni nzuri: mahali ukoo ulipokaa muda mrefu ndipo unapokuwa na matawi mengi. Lakini kusini mwa China kumepokea wahamiaji wa Kihan kutoka kaskazini kwa zaidi ya miaka 2,000, kila wimbi na matawi yake, na mchanganyiko wa wageni huzaa wingi wa aina vilevile. Kwa maoni yangu, wanaume walio hai hawatoshi kulimaliza swali hili. Mifupa ya kale iliyopimwa umri ndiyo shahidi wa kwanza.

Hatua ya 5: Soma umbo la mti, kisha shuka shambani

Mti wa M122 una umbo la mnazi. Shina refu lisilo na tawi kwa maelfu ya miaka, halafu kileleni makuti yanachanua yote kwa pamoja. Shina refu maana yake wanaume wa ukoo huo walikuwa wachache na mistari mingi ilikatika. Makuti ni uzao ulioongezeka ghafla, kila mwana akawa na wana.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, waliyahesabu makuti hayo. Wakakuta mababu watatu, wote ndani ya M122, ambao uzao wao ulianza kupanuka miaka 5,400, 6,500 na 6,800 iliyopita. Kwa pamoja wanabeba karibu 40% ya wanaume wa China leo. Tarehe hizo zinaangukia wakati wa utamaduni wa Yangshao, vijiji vya wakulima wa mtama mdogo kwenye bonde la Mto Huang He. Ghala lililojaa hulea watoto wengi, na hapo ndipo mnazi ulipochanua.

M119 ina kwao kwingine. Imepatikana katika mifupa ya utamaduni wa kale wa Liangzhu, karibu na mdomo wa Mto Yangtze, kwenye mashamba ya mpunga. Leo iko juu sana kwa wenyeji wa asili wa Taiwan. Kwa Japani na Korea, tafuta M176, inayohusishwa na wakulima wa mpunga waliovuka bahari.

Hatua ya 6: Muulize mama, kisha isikilize lugha

Kromosomu Y ni uzi mmoja tu. Wamunda wa mashariki mwa India wanafundisha hili vizuri: wanaume wao wengi wana M95, iliyotoka kusini-mashariki ya Asia, na lugha yao ni jamaa ya Kikhmer cha Kambodia, ilhali DNA ya kukeni karibu yote ni ya India. Walifika wanaume, wakaoa wenyeji.

Madagaska ilichukua njia nyingine. Huko koo za kiume ni karibu nusu za Afrika, nusu za visiwa vya Asia, na za Asia zina M119 na M95. Kimalagasi ni ndugu wa Kimaanyan cha Borneo, lakini sikiliza majina ya mifugo: omby, ondry, akoho, amboa. Ni ng'ombe, kondoo, kuku na mbwa.

Zoezi

Kisiwani Pate husimuliwa kwamba mabaharia wa Zheng He, kamanda wa misafara ya China aliyesafiri kati ya 1405 na 1433, walizamiwa na meli, wakaokoka na kuzaa huko. Ungelipimaje simulizi hilo? Tafuta wanaume wanaosemekana kutokana na mabaharia hao kwa kuumeni bila kukatika; binti hana kromosomu Y ya kupima. Ukikuta O, usishangilie bado, kwani M95 ingeweza kuja na majahazi ya Madagaska. Itafute M122, tena tawi la ndani linalopatikana China. Halafu hesabu: kwa herufi milioni 10, babu wa miaka 600 iliyopita anatakiwa kuwa ameachana na jamaa wake wa karibu wa China kwa mabadiliko manne au matano tu kila upande.