Grupu la ndege linakua kwa maswali

Wadau wa kutazama ndege Arusha na Moshi, kama unatafuta wenzio ingia eBird, app ya kurekodi ndege unaowaona, ni bure kabisa, angalia maziwa ya Momela kule hifadhi ya Arusha uone watu wanarekodi nini, na iNaturalist ukipost picha hata mtu wa mbali anakusaidia jina. Ila kinachowashika watu ni grupu la WhatsApp, na halikui kwa picha kali, tupia hata ile yenye ukungu ya ndege wa kwenye mgomba, andika mahali, saa, mdomo ukoje, watabishana hadi usiku. Mgeni akiuliza "huyu si kunguru tu?" asichekwe jamani, mjibuni vizuri. Na kiota cha bundi usitume lokesheni, wapo wanaowaua kwa imani za uchawi, inauma sana.