Kumhudumia Mteja Mgumu katika Ushauri Nasaha

Mteja anayekusifu leo na kukutukana wiki ijayo hahitaji mshauri mwenye maneno matamu, bali mwenye mipaka isiyoyumba: mweleze tangu kikao cha kwanza muda wa mazungumzo, ada na saa za kupiga simu, kisha uishike mipaka hiyo hata akilia. Katika mji kama Lindi, ambako mtakutana sokoni au msibani, kubalianeni mapema namna ya kusalimiana, kwani salamu huku kwetu haikwepeki. Hasira atakayokuamshia usiikane. Donald Winnicott, daktari Mwingereza, aliandika mwaka 1949 kwamba mtabibu hana budi kuitambua chuki iliyo ndani yake. Ipeleke kwa msimamizi wako wa kitaaluma. Mteja akitaja kujiua, muulize waziwazi amepanga nini, na umfikishe hospitali siku hiyohiyo.