Kupanda na Kushuka Njia ya Stelvio kwa Gari

Njia ya Stelvio, barabara inayopita milimani kaskazini mwa Italia karibu na mpaka wa Uswisi, ilijengwa kati ya mwaka 1820 na 1825 chini ya utawala wa Austria, na mhandisi wake alikuwa Carlo Donegani. Ukianzia kijiji cha Prato allo Stelvio utapanda takriban mita 1,840 katika mwendo wa kilomita 24 hivi, ukizunguka kona kali 48, hadi ufike kimo cha mita 2,757. Hufungwa majira ya baridi kwa sababu ya theluji, kwa hiyo ulizia kama iko wazi kabla hujaondoka.

Kagua kwanza mafuta ya breki. Yaliyozeeka huwa yamefyonza unyevu, nao ukipata joto kali hugeuka mvuke, na hapo pedali huzama bila gari kusimama.

Unapopanda, kumbuka kwamba hewa huko juu ni hafifu, na injini isiyo na turbo hupungukiwa karibu robo ya nguvu zake. Ingiza gia nzito kabla ya kona, usingoje ufike katikati yake. Dereva aliyezoea kupita kushoto, kama ilivyo Tanzania, Kenya na Uganda, ajue kwamba Italia hupita kulia, na kwamba kona ya kulia ndiyo itakayombana kwa kuwa atakuwa upande wa ndani. Inua macho utazame barabara iliyo juu yako, na ukiona basi linakuja, subiri chini ya kona, kwani litahitaji upana wote. Mahali pasipopitika kwa urahisi, sheria ya Italia humtaka anayeshuka asimame na kusogea kulia.

Kushuka ndiko kunakotaka uangalifu zaidi, ingawa madereva wengi hukuogopa kupanda. Chagua gia ya 2, au ya 1 penye mteremko mkali, kabla gari halijashika kasi, ili injini ndiyo izuie mwendo. Mwenye gari la otomatiki aache D (gia ya kawaida ya kwenda mbele) na kutumia L (gia nzito) au gia za kuchagua mwenyewe. Kamwe usishuke kwa nyutro. Breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha ziachiliwe zipoe, kwa sababu kuzigusagusa mfululizo huzipasha joto hadi zishindwe kushika. Gari la umeme nalo lisianze kushuka likiwa na betri iliyojaa, maana haitakuwa na nafasi ya kupokea umeme unaozalishwa gari linapopunguza mwendo.

Ukisikia harufu ya kuungua, au pedali ikilegea, ingia kwenye eneo la kuegesha lililo karibu na usubiri breki zipoe zenyewe bila kuzimwagia maji, ambayo yanaweza kupinda au kupasua diski. Uendelee tu pedali ikiwa ngumu tena chini ya mguu wako.